Ngozi ya Landrova

Habari za Denis zilifika Nzuguni, pembeni mwa mji wa Dodoma, kabla yake. Zililetwa na mama mmoja anayetuuzia kambale wakavu kutoka Bahi, na alianza kuzitoa kabla hajatua beseni.

"Baba Gladness, umesikia? Mtoto wa kiume wa marehemu Ernest amerudi. Anapita nyumba kwa nyumba na mama yake. Wanadai ng'ombe."

Kefa alikuwa chini ya Landrova, miguu tu ndiyo inaonekana. Mlio wa spana ulikoma.

"Wamefika kwa nani?"

"Kwa Thobias wamemaliza. Kelele zilisikika mpaka stesheni. Na wanasema wakimaliza huko Bahi, anayebaki ni wewe."

Spana haikulia tena asubuhi ile. Nilikuwa pale, napiga msasa mlango wa gari la mteja. Mimi ni fundi rangi, na mimi na Kefa tunafanya kazi chini ya bati moja kwenye kiwanja chake. Nilimwona akitoka chini ya gari, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa, kisha akaenda kusimama mbele ya stoo bila kuifungua.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa kwa nini habari ya ng'ombe ilimshtua mtu ambaye hana hata mbuzi. Kwetu sisi Wagogo, mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Anawawekesha kwa watu anaowaamini, huyu wawili, yule watatu. Aliyewekeshwa anakamua maziwa, anachukua samadi, analisha na kutibu. Lakini ng'ombe si wake. Ng'ombe akifa, hatakiwi kusema maneno mengi. Anamchuna, anakausha ngozi, anaipeleka kwa mwenyewe ikiwa na ile alama iliyochomwa pajani. Ngozi ndiyo inayosema. Asiye na ngozi ameuza, hata akilia machozi.

Mzee Ernest Ndahani wa Bahi alikuwa amewekesha ng'ombe wengi. Alipofariki, Denis alikuwa Kahama kwenye shughuli zake za malori. Aliporudi na kuanza kupita na mama yake, hakukuta ng'ombe wala ngozi. Mmoja alisema ukame. Mwingine alisema fisi. Thobias alisema ngozi ililiwa na mbwa, na mbwa mwenyewe akafa. Kwa hiyo Denis alipokuwa anapanda kuja Dodoma, moyo wake ulikuwa umeshakauka.

Kefa hakuwekeshwa ng'ombe. Aliwekeshwa Landrova.

Ilikuwa Landrova ya zamani, ile ndefu, ambayo Mzee Ernest aliinunua kambi moja ya ujenzi wa barabara ilipofungwa. Ilibeba mpunga, ikabeba maharusi, ikabeba wagonjwa na maiti. Kisha ikafa. Ilikaa nyuma ya nyumba pale Bahi mpaka kuku wakataga kwenye siti. Kefa alizaliwa Kigwe, akamaliza darasa la saba, na ufundi aliupata kwa kuwashikia watu tochi na spana katika kambi ileile. Mzee Ernest alimkumbuka kijana yule aliyekuwa akisikiliza injini kwa kutega sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Akaipakia Landrova kwenye lori, akaileta Nzuguni.

"Nina ng'ombe mgonjwa," alisema. "Nimemleta kwako. Akipona, maziwa ni yako. Ng'ombe ni wangu. Akifa, unajua."

Kisha akaomba patasi na nyundo. Akafungua boneti, akainama juu ya bloku, kile kifua cha chuma kinachobeba injini nzima, akachonga alama yake ya ng'ombe: mistari miwili inayokutana juu kama paa la nyumba, na nukta moja chini yake. Raheli, mke wa Kefa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba, chuma nacho kinachomwa alama?"

"Mama Gladness," Mzee Ernest alimjibu, "kinachoweza kuibwa ndicho kinachowekwa alama."

Kefa hakucheka. Tangu siku ile alilichukulia lile gari kama lilivyotolewa. Lilikuwa limeoza chesesi, springi zimelala, sakafu imetoboka mpaka unaona ardhi. Alikata chuma kilichooza, akachomelea kipya. Alitoa springi za zamani, akaweka ndefu zaidi ili gari linyanyuke. Injini ya petroli ilikuwa imepasuka ndani, akaitoa na kuweka ya dizeli ya Toyota, na kazi ya kuzikutanisha injini na giaboksi ambazo hazikuzaliwa pamoja ilimkondesha. Alipandisha bomba la hewa kando ya kioo mpaka juu ya paa, gari lipumue hata likiwa majini. Mbele alifunga winchi ya lori bovu, yenye waya wa kuvutia, inayozungushwa na injini yenyewe.

Na kila alichokitoa alikiweka stoo. Kila kitu. Milango iliyooza, redieta, karabureta, springi, siti zilizoliwa na panya, mpaka vipande vya chesesi vyenye kutu vinavyovunjika mkononi. Wanunuzi wa chuma chakavu walipita na mikokoteni yao wakapiga kelele getini, akawafukuza. Raheli alilalamika.

"Stoo ya watu ina mkaa na mahindi. Yangu ina mzoga."

"Ni ngozi," Kefa alijibu.

"Basi tulalie."

Landrova ikapona, na maziwa yakatoka. Masika Bahi ni tope tupu, na matrekta, pawatila za kulimia na malori ya mpunga yanakwama kila siku. Watu walimpigia Kefa simu, akaenda kuwatoa. Hiyo ndiyo kazi iliyomsomesha Gladness na kuezeka nyumba. Lakini kule mbugani hakuna mti wa kufungia waya wa winchi. Msimu mmoja alikwenda kutoa trekta, trekta likamvuta yeye. Alitoka kwa msaada wa ng'ombe wa watu na dua. Akarudi nyumbani ameamua: lazima awe na nanga ndani ya mbuga. Akatafuta kitu kizito kisichooza, na hapa nyumbani kitu kizito kilikuwa kimoja. Akachukua ile bloku ya zamani, akaifunga mnyororo, akaenda kuizika kando ya kichuguu kikubwa katikati ya mbuga.

Raheli alimwonya wakati anaipakia. Nilimsikia. "Hiyo ndiyo yenye alama, Baba Gladness."

"Nitaitoa kiangazi."

Kiangazi kilikuja kikapita, masika yakarudi, na ile nanga ilishamwokoa mara nyingi kiasi kwamba aliisahau kuwa ni ngozi. Sasa Mzee Ernest hayupo. Aliyeshuhudia alama ikichongwa ni Raheli peke yake, na nani ataamini ushahidi wa mke? Stoo ilikuwa imejaa kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho Denis angeuliza.

Walifika asubuhi yenye mawingu. Kigari kidogo cha kukodi kilisimama getini, akashuka Denis, mtu mnene wa kifua, ameshika simu mbili. Nyuma yake mama yake, Mama Evodia, amejifunga kitenge, anatembelea fimbo.

"Mbukwenyi," mama alitusalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo. Karibuni," Kefa alijibu.

Denis hakutoa shikamoo. Kefa ni mkubwa kwake, ana mvi, na Denis alimpita kama mtu anayepita nguzo ya umeme. Akaizunguka Landrova mara moja. Akapiga teke gurudumu. Akafungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu.

"Hii injini ni ya Toyota."

"Ndiyo."

"Baba alikuachia Toyota?"

"Hapana."

"Mama, umesikia? Ni yaleyale." Aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Hili tunaondoka nalo leo. Na vilivyouzwa utavieleza mbele ya polisi."

Raheli alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. "Shemeji, hata chai?"

"Nimekunywa chai nyumba nyingi, mama. Zote zilikuwa na maneno matamu."

Kefa hakusema neno. Ndiyo tabia yake. Akibanwa anakuwa kama skrubu iliyoota kutu. Alikwenda akafungua stoo, akasukuma mlango mpaka mwisho, akasimama pembeni.

Mama Evodia ndiye aliyeingia kwanza. Tulisikia fimbo yake ikigonga vyuma. Denis akamfuata, nami nikachungulia. Mama alikuwa ameinama juu ya usukani wa zamani, ule mkubwa mwembamba. Kwenye mkono mmoja wa usukani kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, kimeshika grisi mpaka kimekuwa cheusi.

"Hiki nilikichana mimi," alisema. "Kwenye kitenge changu. Alikuwa anasema usukani unamchoma kiganja juani."

Denis alitazama milango, redieta, springi. Alinyanyua kipande cha chesesi, kikamvunjikia. Niliona mabega yake yameshuka kidogo. Kisha yakapanda tena.

"Injini?"

Kefa alitazama vidole vyake vyenye grisi.

"Baba alichonga alama. Aliniambia kwa simu, akacheka sana. Alichonga kwenye injini. Iko wapi?"

"Sema, Baba Gladness," Raheli alifoka. "Hukuchomelewa mdomo!"

"Iko Bahi," Kefa alisema. "Mbugani. Nimeizika."

Denis alicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Thobias alisema mbwa. Mwingine alisema fisi. Huyu amezika! Ng'ombe anazikwa tangu lini, mzee? Mlimwimbia na nyimbo?"

"Niliifanya nanga. Ya kufungia winchi."

"Bila kumwuliza mwenyewe."

"Bila kumwuliza."

Mama Evodia alitoka stoo, ameshika ule usukani kifuani kama sinia. "Twende tukamfukue," alisema.

"Mama, maji yamejaa wiki hii," Kefa alisema. "Yakipungua nitawaleta mwenyewe. Sasa hivi ni hatari."

"Kila mmoja aliniambia nisubiri," Denis alisema. "Hakuna kusubiri. Tunakwenda na gari hilihili, na naendesha mimi. Kitu kikiwepo, tutaongea. Kisipokuwepo, wewe utashukia polisi na gari halirudi Nzuguni."

Kefa aliangalia mawingu upande wa magharibi, akaingia ndani kuchukua jembe na koleo. Raheli alivua aproni. "Nilikuwepo ikichongwa, nitakuwepo ikifukuliwa." Kisha akanigeukia. "Na wewe Optatus, panda. Tunataka mtu asiye na maneno, akishuhudia aaminike."

Tulikata mji, tukashika barabara ya Singida. Denis na mama yake mbele pamoja na Kefa, mimi na Raheli nyuma pamoja na majembe. Tulipita Kigwe. Hapo nilimwona Denis akibadilisha gia mara mbili pasipo sababu, kama mtu anayejaribu kiatu. Gari liliitika vizuri. Alikunja uso zaidi. Nadhani ingekuwa rahisi kwake kama lingekuwa bovu.

Bahi tuliacha lami, tukafuata njia ya majaruba ya mpunga. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamesimama ukingoni mwa maji walitupigia mbinja.

"Fundi Kefa! Leo umepakia familia? Mnakwenda kubatizwa?"

"Kuna trekta limekwama?" Kefa aliwauliza.

"Hakuna mwendawazimu aliyeingia leo."

Mbele yetu mbuga ilikuwa imekuwa ziwa la maji ya kahawia, na magugu yakichungulia. Mbali kidogo kilionekana kile kichuguu, kilele tu, kama kichwa cha mtu anayeoga. Kefa alishuka, akafungua boneti, akalegeza mkanda wa feni ili feni isirushie injini maji. Akaja dirishani kwa Denis.

"Weka gia nzito ya chini. Usibadilishe, wala usiachie mafuta. Pita kushoto, fuata magugu marefu, chini yake kugumu. Kulia kumeliwa na mkondo."

Denis alitazama. Upande wa kulia kulikuwa na alama za magurudumu zinazoingia majini, pana na safi. Kushoto hakukuwa na alama yoyote.

"Wenzako wamepita kulia."

"Wamepita kabla mvua haijanyesha."

"Au kuna kitu kulia hutaki nikione."

Kefa alipanda. Denis akaingiza gari, na kwa urefu wa nyumba mbili akafuata magugu. Kisha, ghafla, akakata kulia.

Nilihisi upande wangu ukizama. Gari halikuanguka, lilikaa chini polepole, kama ng'ombe anavyolala, likalalia ubavu. Maji yakaingia kwa milango. Raheli alinishika shati. Magurudumu yalizunguka, tope likaruka, na kila yalivyozunguka ndivyo tulivyozidi kushuka.

"Usizungushe!" Kefa alipiga kelele, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipiga kelele. "Kanyaga klachi! Mafuta usiachie! Ekzosi iko majini, ukiachia itavuta maji, injini itakufa, na winchi itakufa nayo!"

Denis alikanyaga. Injini ikanguruma, mapovu yakachemka nyuma yetu. Juu ya paa, lile bomba lilikuwa linavuta hewa kwa sauti ya mtu mwenye pumu. Maji yalifika kwenye siti. Mama Evodia alinyanyua usukani wake akauweka juu ya dashibodi, akanyanyua na miguu.

Kefa alitoka kupitia dirisha, maji yakamfika kifuani. Alikwenda mbele, akafungua ndoano ya winchi, akaweka waya begani. "Optatus, shuka, uachie waya polepole!" Nilishuka. Tope lilinishika magoti kama mtu. Niliachia waya, naye akawa anakwenda mbele kwa kuinama, akielekea kichuguu.

Alipofika akaanza kutafuta. Alikuwa amechomeka mti pale kuonyesha mahali, lakini mti haukuwepo. Labda umechukuliwa na maji, labda umekwenda kupika ugali wa mtu. Akapapasa kwa miguu. Akasogea. Akapapasa tena. Mkondo ulikuwa unamsukuma, na mvua ilianza, matone makubwa yaliyoachana.

"Iko wapi?" Denis aliita. Sauti yake haikuwa na dharau tena. Gari lililala kidogo zaidi, na maji yakagusa mapaja ya mama yake. "Fundi! Iko wapi?"

Kefa alizama. Kichwa kikapotea. Tulikaa tukitazama maji pale alipokuwa. Raheli alikuwa anasema jambo kwa Kigogo, kwa haraka, neno lilelile. Akaibuka, akatema tope, akatikisa kichwa, akasogea upande wa pili wa kichuguu, akazama tena.

"Mguu wako unatetemeka," Mama Evodia alimwambia mwanawe.

"Umechoka, mama."

"Usiutoe."

Denis alishika goti lake kwa mkono mmoja, akalikandamiza. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mvua ile. Sijui magari ya Kahama, lakini siku ile nilimwona anaishika injini kwa mguu mmoja bila kuipandisha wala kuishusha, na kosa dogo tu lingetumaliza. Yeye alilijua hilo kama sisi.

Kefa aliibuka. Safari hii mkono wake ulikuwa umeshika mnyororo.

Alifunga ndoano, akasogea mbali na waya, akapunga mkono. Mimi niliingiza wenzo wa winchi kama alivyonifundisha. Waya ulinyanyuka kutoka majini, ukadondosha maji, ukanyooka, ukaanza kulia. Gari likatikisika. Halafu waya ukalegea ghafla.

"Inang'oka!" Raheli alipiga kelele.

Kule kwenye kichuguu maji yalichemka matope. Bloku ilikuwa imesogea. Ikitoka pale hatuna kingine cha kushika. Kefa aliinua kiganja: ngoja. Akasubiri. Akashusha kiganja taratibu. Nikaingiza tena wenzo. Waya ukanyooka, ukalia, na safari hii ulilia sauti moja bila kukatika. Landrova ilinyanyua pua. Upande uliozama ukatoa mlio wa kufyonza. Tukatambaa, shubiri kwa shubiri, Denis akiwa amekaza macho kwenye mkono wa Kefa na si mahali pengine, mpaka magurudumu ya mbele yakagusa udongo wa kichuguu, kisha ya nyuma, na maji yakaanza kumwagika milangoni kama ndoo iliyopinduliwa.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Denis alikuwa bado amekanyaga mafuta.

"Unaweza kuachia sasa," Kefa alimwambia.

Denis alitoa mguu kwenye mafuta. Kisha akashuka, akavua viatu, akachukua koleo. "Nionyeshe," alisema.

"Kuna kitu hujauliza," Raheli alisema akikamua kitenge chake. "Tukiing'oa, tukikwama tena tutajishika na nini?"

"Kurudi ni kushoto," Kefa alisema. "Kugumu."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Mama Evodia, kidogo, akiwa ameangalia pembeni.

Walichimba wawili, ndani ya maji, mmoja akishika mnyororo mwingine akiondoa tope linalorudi kila likitolewa. Mwisho winchi ikaivuta kutoka juu, ikatoka na sauti ya jino linalong'olewa, ikalala kwenye mteremko wa kichuguu, tope tupu. Kefa aliimwagia maji kwa viganja. Chuma kilionekana, chekundu kwa kutu.

Denis aliinama. Alipangusa ubavu mmoja, akapangusa tena. Pale ambapo mnyororo ulikuwa umefungwa, chuma kilikuwa kimesagika kikawa laini. Hakukuwa na alama.

Akasimama wima. Akamtazama Kefa. Mvua ilikuwa inatiririka kwenye nyuso za wote wawili.

"Ilikuwa hapa?"

"Sikumbuki ni ubavu upi," Kefa alisema.

"Mgeuzeni," Mama Evodia alisema.

Walimgeuza. Ndivyo alivyosema, mgeuzeni, nasi sote tukasikia kwamba hasemi chuma. Mama aliweka fimbo chini, akapiga magoti kwenye tope, akapitisha vidole juu ya kutu, polepole, akifumba macho. Vidole vikapita. Vikarudi. Vikasimama. Kimoja kikapanda mstari, kikashuka mstari wa pili. Kisha kidole gumba kikaingia kwenye nukta, kikakaa humo.

"Ernest," alisema.

Denis naye aliweka kidole chake pale. Kefa alikuwa amesimama mbali kidogo.

"Mama, nilikosa," alisema. "Ngozi haichezewi."

"Ngozi tulikuwa tunakata kamba za kufungia ng'ombe wengine," Mama Evodia alijibu bila kugeuka. "Ungeiuza, ungekuwa umekosa. Haya, ipakieni. Naenda nayo nyumbani."

Denis alijipangusa mikono. "Sawa. Basi tuipakie, tuondoke na gari. Fundi tutamshukuru."

"Gari lipi?"

"Hili, mama. La baba."

"La baba yako hili hapa." Alipiga bloku kwa kiganja. "Ngozi imerudi kwa mwenyewe, nimeipokea, na mashahidi wapo. Ngozi ikishapokelewa, ng'ombe amehesabiwa kuwa amekufa. Tangu lini tukapokea ngozi tukadai na ng'ombe?"

"Mama! Ng'ombe gani aliyekufa anavuta watu topeni?"

"Huyo anayevuta simjui. Sijaona alama yake."

Denis alitazama Landrova kwa muda mrefu, kuanzia magurudumu mpaka lile bomba juu ya paa. Ufunguo ulikuwa bado kwenye swichi, na injini ilikuwa inaunguruma. Angeweza kupanda. Badala yake alizungumza kama mtu anayejiambia mwenyewe.

"Nyumba zote zile. Wote walinipa maneno. Hakuna hata mmoja aliyenipa jembe."

Akaingiza mkono dirishani, akazima injini. Kimya kikaja, halafu vyura. Alichomoa ufunguo, akamwendea Kefa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," Kefa alisema, akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Tulirudi kwa upande wa kushoto. Bloku tuliishusha nyumbani kwa Mama Evodia, kando ya zizi ambalo halina ng'ombe, akaweka ule usukani juu yake. Wakati tunaagana, Denis alikuwa bado anapiga hesabu ya jambo fulani kichwani.

"Sasa pale kichuguuni hakuna nanga," alisema. "Masika bado. Watakwama watu."

"Watakwama," Kefa alikubali.

"Kahama nina injini ya lori, imepasuka bloku. Nzito kuliko hii. Nitakuletea." Akainua kidole. "Ila hiyo siyo yako. Nakuwekesha tu."

Raheli alikuwa ameshapanda gari. Alitoa kichwa nje.

"Shemeji, hiyo peleka mbugani moja kwa moja! Stoo yangu nimeshaipangia mkaa."